SIKU ZA KWANZA UGENINI

   Kabla hatujaanza, kila mtu ashike daftari na kalamu, kwa sababu leo tutaandika.

Siku hizi katika mitaa ya Buhongwa si ajabu kusikia ya kuwa binti wa nyumba ya tatu yuko Omani, au kijana aliyekuwa akiita abiria stendi sasa yuko Dubai. Mara nyingine habari njema hufuata: nyumba imeezekwa bati, wadogo wamelipiwa shule. Mara nyingine hakuna habari yo yote. Simu haipatikani, na mama mzazi anamwuliza kila apitaye njiani. Mimi sikuja kuwaambia mwende wala msiende. Hilo ni shauri la mtu na nyumba yake. Nataka tuzungumze juu ya zile siku chache za mwanzo, maana mambo mengi ya miaka inayofuata huamuliwa katika siku hizo, na mengi katika hayo yahusu kazi yenu ya kila jioni hapo darasani, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu.

Tumfikirie dada mmoja wa hapo Buhongwa. Hatumpi jina, kila mmoja wenu ampe jina la mtu anayemjua. Ana umri wa miaka 26. Amepata kazi ya nyumbani Maskati, mji mkuu wa Omani, kwa mkataba wa miaka 2.

Kwenda mbali kutafuta kazi si jambo jipya kwetu. Katika karne ya 19 Wasukuma na Wanyamwezi walichukua mizigo mpaka pwani. Baadaye, wakati wa utawala wa Waingereza, vijana wengi wa bara walikwenda kukata mkonge Tanga na kwingineko. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kutafuta wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Wazee mnalikumbuka neno manamba. Neno hilo latokana na namba, kwa kuwa kila aliyeajiriwa alipewa namba yake. Mtu aliweka alama ya kidole gumba juu ya karatasi asiyoweza kuisoma, kisha akasafirishwa. Siku zake za kazi ziliandikwa katika kadi iliyoitwa kipande, na aliyeandika alikuwa mtu mwingine. Dada yetu atapanda ndege, lakini karatasi ya kutiwa sahihi ipo vilevile, na watu wa kumwambia "weka tu dole hapa" wapo vilevile.

Basi kazi ya kwanza huanza kabla ya safari. Wakala anayempeleka mtu kazini lazima awe na leseni ya serikali, kwa mujibu wa sheria ya huduma za ajira ya mwaka 1999. Leseni ni karatasi. Mwombe aioneshe, usome jina na tarehe. Kama asema kuwa ameiacha mjini, mwambie utangoja mpaka ailete. Viza nayo isomwe. Viza ya matembezi si viza ya kazi, na mtu aliyeingia kwa matembezi akafanya kazi huwa mkosaji tangu siku ya kwanza, hata kama aliyemdanganya ni mwingine. Mkataba utengenezwe nakala, na nakala moja ibaki nyumbani Buhongwa, mahali ambapo panya na mvua hawafiki.

Sasa andikeni. Mwalimu ataandika ubaoni namba ya pasipoti ya mfano, yenye herufi na tarakimu. Inakilini mara tatu bila kukosea hata moja. Redio itanyamaza kidogo.

Vema. Kwa nini mara tatu? Kwa sababu dada yetu ataiandika namba yake mahali patatu: katika daftari lake, katika karatasi iliyoshonwa ndani ya pindo la nguo, na katika daftari la mama yake aliyebaki nyumbani. Pasipoti yenyewe yaweza kutoka mikononi mwake siku ya kwanza.

Tueleze jambo hili vizuri. Katika nchi za Ghuba mgeni hufanya kazi chini ya mdhamini, aitwaye kafili. Utaratibu huu waitwa kafala. Kibali cha mgeni cha kukaa nchini kimefungwa pamoja na jina la kafili wake. Mfanyakazi akiondoka nyumbani kwa tajiri bila ruhusa, tajiri aweza kutoa habari ya kuwa ametoroka, na hapo mfanyakazi ndiye atafutwaye na polisi. Tena, mara nyingi tajiri amekwisha kumlipa wakala fedha nyingi, na wapo matajiri wanaodhani kuwa kwa kulipa fedha hizo wamemnunua mtu. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watumishi wa nyumbani kutoka Tanzania waliofanya kazi Omani na Falme za Kiarabu. Waliohojiwa walieleza habari za pasipoti kuchukuliwa, kazi za saa nyingi bila mapumziko, na mishahara iliyopungua kuliko ahadi. Si kila nyumba iko hivyo. Ziko familia zinazomtendea mtumishi kwa heshima, na dada yetu aweza kuangukia huko. Lakini asafiri akijua.

Sheria za nchi hizo hazifanani, wala watu wasikudanganye kuwa "Uarabuni" ni nchi moja. Katika Falme za Kiarabu, yaani Dubai, Abu Dhabi na wenzao, sheria ya mwaka 2022 yampa mtumishi wa nyumbani siku moja ya mapumziko kila juma, na saa 12 za kupumzika kila siku, 8 kati yake zikiwa mfululizo. Tena yasema ana haki ya kukaa na hati zake mwenyewe. Qatar ina sheria ya watumishi wa nyumbani ya mwaka 2017, isemayo kazi isizidi saa 10 kwa siku. Omani ilitoa Sheria ya Kazi mpya mwaka 2023, lakini watumishi wa nyumbani hawamo katika sheria hiyo. Wao wana kanuni zao peke yao. Kwa hiyo kwa dada yetu anayekwenda Maskati mkataba wake ni kitu kikubwa sana. Saa za kazi, siku ya mapumziko na mshahara ambavyo havikuandikwa humo, itakuwa shida kuvidai.

Basi dada yetu amefika. Ametoka katika nchi iliyo juu, penye upepo wa Ziwa na usiku wa baridi kidogo, na Maskati katika mwezi wa Juni joto hupita digrii 40. Atashangaa kuona watu wanakaa ndani mchana, madirisha yamefungwa, mashine ya baridi inanguruma. Anywe maji mengi. Hilo halina maelezo zaidi.

Jambo litakaloleta ugomvi mapema ni saa. Sisi Waswahili twahesabu saa tangu jua lichomozapo. Wao huhesabu kama Waingereza, tangu usiku wa manane. Tena lugha yao yafanana na yetu mahali hapa, na hapo ndipo mtu anaponaswa. Bibi mwenye nyumba atasema kwa Kiarabu, "saa sitta". Dada yetu atafurahi, maana amesikia neno lake: saa sita! Ataona ana nafasi mpaka adhuhuri. Kumbe bibi amesema saa 12 alfajiri, wakati wa kuwapa watoto chai kabla ya shule. Asubuhi ya kwanza tu, na tayari ameitwa mvivu. Dawa yake ni hesabu ya 6. Saa yao ikiwa 7 asubuhi, toa 6, wapata 1. Ikiwa 10 asubuhi, toa 6, wapata 4. Ikiwa 3 mchana huwezi kutoa 6, basi jumlisha, wapata 9. Zaidi ya hayo, Omani na Falme za Kiarabu ziko mbele yetu kwa saa 1. Buhongwa ikiwa saa 2 usiku, Maskati ni saa 3 usiku. Mama asipige simu saa 5 usiku akidhani binti yake bado yuko macho.

Jambo la pili ni tarakimu. Dada yetu hawezi kusoma Kiarabu, wala Kiingereza chake si kingi. Lakini tarakimu ni chache, kumi tu, naye aweza kuzijua zote katika jioni mbili. Mwalimu, andika ubaoni tarakimu za Waarabu. Moja ni mstari uliosimama: ١. Tano ni duara: ٥. Sita yafanana na saba yetu: ٦. Saba ni kama herufi V: ٧, na nane ni hiyo V iliyopinduliwa: ٨. Tisa ni kama yetu: ٩. Sifuri ni nukta: ٠. Tazameni hatari yake. Mia na hamsini huandikwa ١٥٠. Mtu asiyejua huona kumi na kijinukta, na mtu mwenye nia mbaya aweza kumwambia lo lote. Maneno yao husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, lakini namba husomwa kama zetu, kubwa ikiwa kushoto. Madukani bei nyingine huandikwa kwa tarakimu za namna zote mbili; hapo ni mahali pazuri pa kujizoeza bila kulipa ada.

Fedha nazo zina mtego wake. Riyali 1 ya Omani ina baisa 1000. Kwa hiyo wao wakiandika 80.500, si elfu themanini na mia tano. Ni riyali 80 na baisa 500, yaani themanini na nusu. Na jina riyali hutumiwa na nchi kadha, kila nchi na thamani yake. Riyali 1 ya Omani ni kama dola 2 na senti 60 za Marekani. Dola 1 ya Marekani ni kama riyali 3 na senti 64 za Qatar, au dirhamu 3 na senti 67 za Falme za Kiarabu. Sasa fanyeni hesabu hii. Wakala wa kwanza asema, "Nitakupeleka Qatar, riyali 1000 kwa mwezi." Wa pili asema, "Mimi nitakupeleka Omani, riyali 110." Nani anatoa zaidi? Redio itanyamaza mhesabu.

Mia na kumi ukizidisha mara 2 na senti 60 wapata dola 286. Elfu moja ukiigawa kwa 3 na senti 64 wapata dola 274 na kitu. Yule wa 110 ndiye mwenye zaidi. Najua wapo waliokwisha kunyosha mkono kwa 1000. Nyumba nyingi zimeuza ng'ombe kulipia safari kwa hesabu ya namna hiyo. Hiyo 1000 ya Qatar, kwa taarifa yenu, ndiyo kima cha chini kilichowekwa na serikali yao mwaka 2021, na watumishi wa nyumbani wamo. Basi anayewaahidi kazi ya nyumbani Qatar kwa riyali 700 anawaahidi kitu kilicho kinyume cha sheria.

Baada ya mitego hiyo, lugha itamsaidia. Maneno mengi ambayo dada yetu atayahitaji sana anayo kinywani tayari, maana Kiswahili kiliyapokea kutoka Kiarabu: mshahara, hesabu, kalamu, daftari, ruhusa, dawa, sabuni, sahani, samaki. Ayatamke polepole, ataeleweka. Sita, saba na tisa, ishirini na thelathini, mia na elfu zatoka huko huko. Tena Maskati atawakuta watu wanaosema Kiswahili barabara. Sultani Seyyid Said wa Omani alihamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, na jamaa nyingi za Kiomani zilikaa huko vizazi hata vizazi. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 wengi waliondoka, na Sultani Qaboos alipochukua utawala mwaka 1970 aliwakaribisha Omani. Kwa hiyo dada yetu aweza kuwa sokoni akasikia nyuma yake sauti ya bibi kizee inaulizia bei ya ndimu kwa Kiswahili cha Unguja. Asikimbilie kudhani kwamba kila asemaye Kiswahili ni ndugu yake, lakini asione haya kumsalimu.

Na mambo madogo ya nyumba. Mgeni akija hupewa tende na kahawa. Birika hushikwa kwa mkono wa kushoto na vikombe kwa wa kulia, na kikombe hutiwa kidogo tu. Mgeni akirudisha kikombe bila kukitikisa, maana yake aongezewe. Akikitikisa, ameridhika. Kwetu Usukumani salamu ya mwangaluka ina mwendo wake, mtu haikatishi njiani. Kule wenye nyumba wengine watampita bila neno asubuhi, na asifikiri kuwa amekosa. Upweke utamshika, hasa jioni. Kama amechukua michembe kidogo ya nyumbani itamfariji kwa juma moja, kisha itakwisha.

Sasa tufike kwenye daftari. Tangu usiku wa kwanza dada yetu aandike katika daftari dogo: tarehe, saa aliyoanza kazi, saa aliyolala, fedha aliyopewa na nani kampa. Mstari mmoja kwa siku watosha. Katika ukurasa wa kwanza aandike jina la tajiri wake, namba yake ya simu, na mahali nyumba ilipo. Kule Maskati njia na nyumba zina namba. Jina la mtaa, hata kama halielewi, alinakili kama mtu anavyonakili picha. Kama ana simu ya kisasa, yaweza kutuma nyumbani ramani ya mahali alipo. Atume siku ile ile ya kwanza, kabla simu haijachukuliwa.

Daftari halitamzuia tajiri mbaya kuwa mbaya. Lakini fikirini mtu amesimama mbele ya afisa, analia, asema, "Sijalipwa siku nyingi, nimefanya kazi sana, sijui nyumba iko wapi." Afisa huyo ataanzia wapi? Na mfikirini mwingine asemaye, "Sijalipwa tangu tarehe 5 Machi. Huyu ndiye tajiri, hii ndiyo simu yake, hizi ndizo saa zangu." Huyu wa pili naye aweza kushindwa, lakini amempa mtu kitu cha kushika. Tanzania ina ubalozi Maskati, Abu Dhabi, Riyadh na Doha, na ubalozi mdogo Dubai. Namba za simu za ubalozi ziandikwe kabla ya kuondoka. Namba ya polisi wakati wa hatari Omani ni 9999, na Falme za Kiarabu ni 999. Kama hana budi kuondoka katika nyumba ile kwa sababu ya kupigwa au kuvunjiwa heshima, aende moja kwa moja ubalozini au polisi, asiende kujificha kwa rafiki. Akijificha, ile taarifa ya kutoroka yapata nguvu.

Ninyi mnaobaki mna kazi pia. Kubalianeni siku ya simu, mathalani kila Ijumaa. Ijumaa mbili zikipita kimya, msingoje ya tatu. Chukueni nakala ya mkataba na namba ya pasipoti, mwende kwa wakala, kisha ofisi ya serikali inayohusika na kazi, na mkataka jibu la maandishi. Mama anayefika na karatasi mbili mkononi husikilizwa upesi kuliko mama anayefika mikono mitupu. Nasema hivyo kwa masikitiko, maana wote wawili wanastahili kusikilizwa.

Mazoezi ya leo ni haya. Kila mmoja aandike ukurasa wa kwanza wa daftari la dada yetu: jina, namba ya pasipoti ya mfano, jina la tajiri, mtaa, simu ya ubalozi mkiacha nafasi ya kuijaza. Chini yake aandike namba ya simu ya nyumbani kwake kwa namna ya kupigwa kutoka nje. Anzeni na 00255, halafu namba yenyewe, mkiondoa ile 0 ya mbele. Wenye jamaa walioko ng'ambo, linganisheni na namba mlizonazo. Mwalimu apite akisahihisha tarakimu moja moja. Juma lijalo tutasoma risiti ya kutuma fedha.